Huyu Hayumo Kwenye Karatasi

Kaka yangu ana kichwa kigumu tangu tumboni. Mama alisema hivyo, nami niliyembeba mgongoni mpaka alipojua kukimbia nathibitisha. Wateja walimwita Fahali kwa ajili ya shingo yake. Mimi waliniita Mama Pacha. Baba alipofariki alituachia bucha moja, sisi wawili, na kila aliyetujua akawa anatukumbusha kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Nikawa nawajibu kwamba mmoja wa hao mafahali ni jike na ana visu vyake.

Tuliishi hivyo mpaka siku aliponirushia jiwe la mizani. Lilinipata mdomoni, nikatema jino juu ya maini ya mteja. Mkononi nilikuwa na kisu cha kutolea mifupa, nikakitumia. Kipande cha sikio lake la kushoto hakikuonekana tena, na mpaka leo wapo watu mtaani hawanunui kwetu nyama ya kusaga.

Tukashtakiana. Kesi ikapigwa tarehe mpaka karani akawa anatusalimia kama majirani. Mwisho hakimu akachoka, akatupeleka kwa msuluhishi, mama mmoja mnene wa sauti ndogo, ambaye alimketisha kila mtu upande wake wa meza na kuuliza swali moja tu.

"Mnataka kulipiza au mnataka bucha?"

Tukasema bucha, kwa pamoja. Ndiyo mara pekee tuliyokubaliana mwaka ule.

Makubaliano yenyewe yalikuwa mafupi. Kaunta igawanywe katikati, kila mtu na upande wake na mizani yake. Chumba cha baridi cha nyuma, ambacho hakigawanyiki, kitumiwe na wote, na asiwepo wa kumzuia mwenzake kuingia saa za kazi kwa namna yoyote ile. Mtu asiharibu mali ya mwenzake. Mtu asiinue mkono juu ya mwenzake. Halafu kipengele cha mwisho, ambacho wakili wangu alinisomea mara mbili huku akinitazama machoni: atakayevunja lolote kati ya hayo, nusu yake ya bucha inakwenda kwa mwenzake. Tukatia saini, muhuri ukagongwa, karatasi ikawa amri ya mahakama.

Na ilifanya kazi. Sisemi tulipendana. Fahali alinoa panga lake huku akinitazama shingoni, nami nilipasua mifupa nikiwa nimemwelekea yeye badala ya wateja. Lakini kila tulipokaribiana kupita kiasi, mmoja wetu alirudi nyuma. Bucha ilikuwa na watoto wangu pacha ndani yake, ada zao, viatu vyao, chakula chao. Mwanamume aliyenizalisha alikwishaondoka zamani na hakuacha hata kofia. Nikipoteza ile kaunta, nilikuwa sina pengine pa kusimama.

Shida ilikuwa geti la kuendea chumba cha baridi. Hakuna aliyekubali mwenzake ashike ufunguo peke yake, na hakuna aliyekubali wake uchongwe nakala. Basi tukafanya kama wanavyofanya wenye yadi za pamoja: mnyororo mmoja, kufuli mbili. Ncha moja ya mnyororo inashika kufuli yangu, ncha ya pili inashika yake, na kufuli zenyewe zinashikana katikati kama watu wanaopeana mikono. Nikifungua yangu, mnyororo unaachia. Akifungua yake, unaachia vilevile. Kosa ni moja tu: ukiipitisha kufuli yako kwenye mnyororo ncha zote mbili, ukairuka ya mwenzako, umemfungia nje. Yake inabaki inaning'inia kama hereni, haina kazi.

Sisi wawili hatukukosea hata siku moja. Tulikuwa tunachungana mno.

Mke wa Fahali ndiye aliyekaa upande wake wa kaunta akifunga nyama na kupokea wateja. Mimi nilimwita wifi, naye akaniita wifi. Mwanamke mwembamba, mcheshi, aliyejua jina la kila mtoto wa kila mteja. Kasoro yake ilikuwa kujikwaa. Alijikwaa bafuni, alijikwaa mlangoni, mara moja alijikwaa kwenye ngazi, na nyumba yao haina ngazi. Niliwahi kumshika pembeni nikamwambia aende polisi.

"Wewe una msuluhishi, wifi," akasema. "Mimi nina mume."

Sikumwambia tena. Nilikuwa na yangu.

Siku yenyewe nilifika asubuhi kama kawaida. Mpishi wa shule ya bweni alikuwa njiani kuja kuchukua nyama ya wanafunzi, mteja wangu mkubwa kuliko wote. Nikapita nyuma na ufunguo wangu mkononi, nikaishika kufuli yangu, nikaona ni nyepesi. Ilikuwa inaning'inia. Ya Fahali ilikuwa imeng'ata mnyororo pande zote mbili.

Nikampigia simu Fahali. Hapatikani. Nikakumbuka alikuwa amekwenda mnadani kununua ng'ombe, kule ambako simu ni mzigo tu mfukoni. Nikampigia wakili wangu. Nilimsikia anatafuna.

"Imefungwaje?" akauliza. Nikamweleza. Akaacha kutafuna. "Usiguse chochote. Piga picha. Piga na ya karibu. Mwite mtu aone."

"Nyama yangu imo ndani. Mpishi anakuja."

"Akute geti limefungwa, awe shahidi. Nyama itaharibika, bucha haiharibiki. Dada, huyu mtu ameingia mtegoni mwenyewe. Amekuzuia kuingia saa za kazi. Ni bucha nzima hiyo."

Bucha nzima. Niliyarudia maneno hayo kimoyomoyo nikiwa napiga picha, na sikuona ubaya wake. Nikamwita fundi viatu wa duka la jirani, akaja na kiatu cha mtu mkononi, akaitazama kufuli yangu.

"Hapa umeolewa lakini huna ndoa," akasema.

"Utasema hivyo mahakamani?"

"Nitasema imefungwa vibaya. Hayo mengine nitawaachia bure."

Mpishi alikuja, akasubiri, akatazama saa, akaniomba radhi, akaenda kununua kwingine. Nikamtumia wakili picha na jina la mpishi. Kabla jua halijakaa sawa alikwishapeleka maombi mahakamani na nakala kwa wakili wa Fahali.

Wifi alifika baadaye, aproni begani. Aliponiona nimekaa juu ya gogo la kukatia nyama, mikono mitupu, akasimama.

"Mbona hujafungua?"

"Muulize mumeo."

Akaenda nyuma. Alikaa huko muda. Aliporudi uso ulikuwa umemwisha rangi.

"Wifi, si yeye. Ni mimi." Alikuwa ananong'ona ingawa tulikuwa wawili tu. "Jana aliwahi kuondoka kwenda kujiandaa na safari, akaniachia nifunge. Sijawahi kulifunga lile geti. Nilijua ni kufunga tu. Alfajiri akachukua ufunguo akaondoka nao."

"Ulipitisha kwenye mnyororo wenyewe."

"Nilipitisha palipopitika."

Nikampigia wakili palepale. Nikamwambia subirisha hayo maombi, kumbe ni kosa la wifi yangu asiyejua kufunga.

"Kipengele hakisemi kwa makusudi," akajibu. "Kinasema kwa namna yoyote ile. Na hata ningetaka, wakili mwenzangu ameshasoma. Ameniambia anampigia mteja wake kila baada ya dakika mpaka apatikane."

Nilipokata simu wifi alikuwa ananitazama mdomo. Hakuhitaji kuuliza.

"Atajua ni mimi," akasema.

"Nenda kwa mama yako leo. Chukua watoto."

"Nikienda, nitarudi. Nikirudi itakuwa mbaya zaidi." Akafunga aproni yake kiunoni, akaifunga vizuri, fundo mara mbili, akachukua kitambaa na kuanza kufuta upande wao wa kaunta ambao tayari ulikuwa safi.

Fahali alirudi mchana, ameshuka kwenye lori la ng'ombe, matope mpaka magotini. Bucha ilikuwa na watu wachache: fundi viatu aliyekuwa amejipa kazi ya kutazama, wanawake wawili waliokuja kuulizia utumbo, na mwalimu mstaafu ambaye hununua mifupa ya mbwa na kusema ni ya mbwa. Hakumsalimia mtu. Alipita mpaka upande wangu wa kaunta.

"Nani kapeleka karatasi mahakamani?"

"Wakili wangu."

"Katumwa na nani?"

"Na mimi."

Akavuta panga lake la kukatia mbavu, akanilaza bapa lake shavuni. Nilihisi ncha ya chuma chini ya jicho. Wale wanawake walirudi hadi ukutani.

"Unajua ningekufanyaje, dada?"

"Najua. Fanya."

Haukuwa ushujaa. Angenikata pale mbele ya mashahidi, mambo yangekuwa yamekwisha na bucha ni yangu. Na yeye alijua. Nilimwona akilipigia hilo hesabu, mshipa wa shingo ukipanda na kushuka. Kisha akalishusha panga, akaliweka juu ya kaunta, upande wake, taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Akageuka.

"Nani alifunga geti jana?"

Wifi alikuwa ameshika kitambaa kwa mikono miwili. "Baba watoto, nilikosea. Niliona imefunga, nikajua basi."

"Ulikosea."

"Sikuwahi kufundishwa lile geti."

"Njoo nikufundishe."

Akamshika mkono juu ya kiwiko, kama anavyoshikwa mtu anayevushwa barabara, akaanza kumpeleka nyuma.

"Fahali, mwache," nikasema nikiwafuata peke yangu mpaka getini.

"Wewe umo kwenye karatasi," akanijibu bila kugeuka. "Huyu hayumo kwenye karatasi."

Akafungua geti, akamsukuma ndani, akavuta mnyororo kwa ndani na kuipitisha kufuli yake kwenye mnyororo wote, akiniangalia wakati anafanya hivyo ili nione kwamba safari hii si kosa. Halafu mlango wa chumba cha baridi ukajifunga nyuma yao.

Mlango ule ni mnene kama godoro. Ukiwa ndani unaweza kuimba, aliye nje asijue. Hata hivyo tulisikia. Kwanza sauti ya kitu kizito kikigonga chuma, halafu ndoano zikigongana kwenye reli, halafu wifi. Alikuwa hasemi maneno.

"Mwiteni mtu," mwanamke mmoja akasema.

"Nani? Ni mtu na mkewe," mwenzake akamjibu. "Ukiingilia, kesho wanapatana wewe unabaki adui."

Mwalimu mstaafu akatazama chini. Fundi viatu akasema polepole, "Mama Pacha," kisha hakumalizia.

Simu yangu ikalia. Wakili.

"Nimeambiwa amefika. Kaa mbali naye. Usimguse, usiguse kitu chake."

"Anampiga mke wake. Amejifungia naye kwenye baridi."

"Pole sana. Ita polisi."

"Mpaka wafike."

"Wakifika watamkuta yeye ndiye mwenye makosa, tena amekufungia nje mara ya pili. Dada, nisikilize vizuri. Ukivunja lile geti, kesi yote inageuka. Geti na mnyororo ni mali yake pia. Umeshinda tayari. Kazi yako ni kukaa tu."

Mpaka leo sioni kosa katika ushauri ule. Niliambiwa ukweli mtupu na mtu niliyemlipa anieleze ukweli. Nikawapigia polisi, wakaniuliza bucha ipo mtaa gani, kisha wakaniuliza tena. Nikaweka simu kwenye kaunta. Nikafikiria pacha wangu, mmoja anayeomba viatu vipya na mwingine asiyeomba kitu. Nikakaa. Nilikaa kweli, juu ya gogo, mikono magotini.

Halafu wifi akanyamaza.

Kipigo hakikunyamaza. Yeye ndiye aliyenyamaza. Tunaouza nyama tunajua tofauti ya kitu kinachopigwa kikiwa kinajikaza na kitu kinachopigwa kikiwa kimelegea. Sauti yake si moja.

Nikashika shoka la mifupa.

Kufuli haipasuki kwa shoka, kinachopasuka ni pete ya mnyororo. Nikaipiga kwa kisogo cha shoka pale ilipolazwa dhidi ya nguzo. Pigo la kwanza liliteleza likanichuna vidole. La pili likaikunja pete. La tatu ikaachia, na mnyororo ukaporomoka kwa kishindo kilichowafanya watu wote wanyamaze, hata waliokuwa tayari kimya.

Ndani kulikuwa na mvuke. Nusu ya ng'ombe wangu ilikuwa inabembea. Wifi alikuwa chini, mgongo ukutani, aproni imemzunguka shingoni, kidevu kimekwenda upande ambao kidevu hakiendi. Fahali alikuwa amemsimamia na kongoro la ng'ombe lililoganda, amelishika kwenye kwato kama rungu. Alikuwa anatweta. Hakuwa na hasira tena usoni, na hilo ndilo lililonichefua. Alikuwa na uso wa mtu aliye kazini.

Aliniona. Akatazama shoka, akatazama mnyororo sakafuni, na nakula kiapo, alitabasamu.

"Umevunja," akasema.

"Ndiyo."

Akainua lile kongoro tena, si kwangu, kwa wifi. Nikampiga kiwiko kwa kisogo cha shoka. Kililia kama tawi kavu. Kongoro likaanguka, mkono ukabaki unaning'inia kuanzia chini ya kiwiko, nao ulitazama upande wake wenyewe. Hakulia. Alinyakua ndoano kwenye reli kwa mkono mzima akanizungushia, ikaingia nyama ya bega, ikashika. Akavuta. Nilikwenda kwake nikiwa nimening'inia kwenye ndoano kama bidhaa. Shoka lilikuwa limenitoka. Nikampiga kichwa puani, nikahisi pua inabonyea, damu yake ikanijaa machoni. Tukateleza kwenye mafuta ya sakafuni, tukaanguka pamoja, mimi juu, nikamkalia ule mkono uliovunjika. Hapo ndipo alipolia. Alilia kama alivyokuwa akilia utotoni, kwa pumzi ndefu, na kwa sekunde moja mwili wangu ulitaka kumbeba.

Nikamshika kichwa nikakigonga sakafuni. Nikakigonga tena. Ningeendelea. Fundi viatu na mwalimu ndio walioniondoa, mmoja kila upande, na ilibidi wanishike kweli.

"Basi, Mama Pacha," mwalimu alikuwa anasema sikioni. "Basi, mama. Utamuua, na hatutapata pa kununua mifupa."

Polisi walifika wakatukuta watatu tumekaa kibarazani, kila mtu anavuja kwake. Askari aliangalia shoka, akaangalia ndoano, akauliza nani mlalamikaji. Fahali akanielekeza kwa kidole. Mimi nikamwelekeza yeye. Wifi alikuwa ameshika taya lake kwa kitambaa kilekile cha kufutia kaunta, akatikisa kichwa.

"Ni mambo ya familia," askari akaandika, akatupeleka hospitali kwa gari moja.

Shauri la kuvunjwa kwa makubaliano lilisikilizwa wiki hiyohiyo, maana maombi yalikuwa yamepelekwa kwa haraka, na mwenye haraka alikuwa mimi. Hakimu alikuwa yuleyule. Aliona bega langu, akaona mkono wa Fahali ndani ya plasta, akavua miwani.

"Niliambiwa mmepatana," akasema.

Wakili wangu alionyesha picha. Fundi viatu akaeleza alichokiona, na hakuongeza mzaha, nikajua hali ni mbaya. Wakili wa Fahali hakubishana kuhusu picha. Alisema geti lilifungwa na mtu asiye mhusika wa makubaliano, asiyejua utaratibu, bila mteja wake kujua. Kisha akamwita wifi.

Usiku wa kuamkia siku hiyo wifi alikuwa amelala nyumbani kwa Fahali. Alikuja taya limefungwa kwa waya, akawa anasemea meno, na karani alilazimika kusogea karibu ili asikie.

"Nilifunga mimi. Hakunituma kumzuia mtu."

"Na majeraha haya?" hakimu akauliza. "Uliyapata vipi?"

Alitazama meza. "Niliteleza kwenye mafuta. Kule ndani kuna utelezi."

"Mume wako alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa ananiinua. Ndipo wifi akaingia na shoka."

Wakili wangu alisimama, akakaa, akasimama tena. Alimuuliza maswali makali, na kila swali wifi alilijibu kwa sentensi ileile ya mafuta, kwa sauti ileile, mpaka hakimu akamwambia wakili inatosha. Nilimtazama wifi muda wote. Yeye hakunitazama hata mara moja. Fahali alikuwa amekaa nyuma yake, karibu kabisa, mkono mzima umelala juu ya mgongo wa kiti cha mkewe.

Zamu yangu ikafika.

"Ulivunja mnyororo?"

"Nilivunja."

"Ulimpiga mdaiwa?"

"Nilimpiga. Kiwiko, pua na kisogo."

Wakili wangu alifumba macho.

"Una sababu yoyote ya kuieleza mahakama?"

"Ninayo. Sababu yenyewe imekaa pale taya limefungwa, inasema iliteleza."

Nadhani hakimu aliniamini. Lakini kuamini ni kwake, na ushahidi ni wa faili. Alisema kufungiwa nje kulikuwa kosa la mtu wa nje na kulirekebishwa siku ileile. Alisema kufungiwa mara ya pili hakuna aliyekuthibitisha zaidi yangu, kwa sababu fundi viatu alikuwa mbele na hakuiona kufuli. Alisema kuvunja mali na kuinua mkono kumekiriwa. Akasoma kipengele cha mwisho kwa sauti, kama tulivyosomewa siku ya kutia saini.

Kwenye ukumbi wa nje wifi alinipitia. Alipunguza mwendo.

"Nina watoto, wifi," akasema kwa meno. "Nikikosa ile bucha nitakwenda wapi?"

"Mimi najua wanakokwenda wasio na bucha," nikamwambia. "Nimeanza leo."

Nilitaka kumchukia. Nilijaribu njia nzima mpaka nyumbani. Nilipofika pacha wakaniuliza tumeshinda, nikawaambia hapana, ogeni mlale, kesho shule.

Siku ya kukabidhi, mahakama ilimtuma dalali wake kusimamia nichukue vilivyo vyangu na nisichukue visivyo vyangu. Nilichukua visu, mizani, shoka na aproni. Nilivifunga kwenye gunia. Bucha ilikuwa imejaa, maana watu hupenda kununua nyama mahali penye habari. Fahali alikuwa amesimama nyuma ya kaunta, mkono kwenye plasta, pua imevimba bado. Wifi alikuwa pembeni yake akifunga nyama.

"Usiwe mgeni, dada," akasema kwa sauti ya kusikiwa. "Siku ukitaka nyama njoo. Nitakukatia pazuri."

Watu wawili watatu wakacheka. Nikaweka gunia chini.

"Kile kipengele cha kutoinua mkono," nikasema. "Unakikumbuka?"

"Kimekwisha. Karatasi yote imekwisha. Bucha ni yangu."

"Imekwisha, ndiyo. Hainifungi mkono tena."

Kaka yangu hafikirii upesi. Nilimsubiri. Nilimwona wazo likimpanda kutoka shingoni kwenda juu, taratibu, mpaka likafika machoni, na mkono wake mzima ukalifuata panga lililokuwa juu ya kaunta, ukaligusa, ukaliacha. Panga lilizoea mkono ule mwingine, na huo ulikuwa kwenye plasta.

"Nimepata kibanda cha kuuzia nyama," nikaendelea. "Kinatazamana na nyumba yenu. Dirisha langu na dirisha la jiko lenu, mtu anaweza kuomba chumvi bila kutoka nje. Wifi anajikwaa sana, wote hapa tunajua. Sasa akijikwaa nitasikia, na nitakuja kuona amejikwaa wapi."

Hakuna aliyecheka. Dalali wa mahakama akakohoa.

"Mama, hivyo ni vitisho."

"Ni anwani. Iandike, huenda mahakama ikanihitaji."

Alikuwa na kalamu mkononi. Akaandika. Wifi alikuwa ameinamia nyama, anafunga kifurushi ambacho kilikwisha kufungwa, kamba juu ya kamba.

Nikabeba gunia langu begani, lile lililo zima. Njia ya kutokea ilikuwa upande wangu wa zamani wa kaunta, pana, haina mtu. Sikuipita hiyo. Nilizunguka nikapita upande wake, katikati ya gogo na ukuta, mahali ambapo watu wawili hawapishani bila mmoja kukunja bega.

Akanipisha.